Fremu 31 mguu wa kushoto, fremu 36 mguu wa kulia

Kwa miaka mingi nilichagua wachezaji kwa saa ya mkononi. Mchana nafundisha michezo sekondari hapa Moshi, jioni nina timu ya vijana wa mtaani, na kila Januari utaratibu ulikuwa ule ule: mstari wa chokaa huku, mstari wa chokaa kule, mita 30 katikati, filimbi mdomoni, saa kiganjani. Vijana wanapanga foleni kutoka Pasua, Majengo na Njoro, wengine wameshuka na Hiace kutoka Kibosho. Mwenye mbio anaandikwa daftarini, asiye na mbio anaambiwa arudi mwakani.

Mwaka mmoja ilibaki nafasi moja ya winga na vijana wawili. Mmoja alipata sekunde 4.41, mwenzake 4.52. Sikusita, nikamwandika wa kwanza. Yule wa pili akainama, akafungua njumu zake, akasema, "Asante mwalimu," akaenda zake. Baada ya miezi minne tulikutana naye akiwa na timu ya jirani. Alitufunga mabao mawili, na yote mawili alimwacha beki wangu wa kulia kwa mbio tupu.

Jambo lile lilinikaa rohoni. Siku moja nikamwomba mwalimu mwenzangu wa hesabu asimame nami kwenye mstari wa mwisho, kila mtu na saa yake, tumpime kijana mmoja. Mimi nikapata 4.36, yeye akapata 4.61. Kijana yule yule, mbio ile ile. Tukarudia mara sita na hatukulingana hata mara moja. Tofauti yetu ndogo kuliko zote ilikuwa sehemu nane za mia za sekunde. Kijana niliyemrudisha nyumbani nilikuwa nimemnyima nafasi kwa sehemu kumi na moja.

Tulipokaa chini kutafuta sababu, hazikuwa za kujificha. Filimbi nilipuliza mwenyewe, kwa hiyo kidole changu kilijua lini italia kabla mkimbiaji hajasikia. Mwenzangu yeye alisubiri mlio ndipo abonyeze. Mwishoni mimi nilisimama hatua mbili nje ya mstari, nikimtazama kijana kwa mshazari, na kwa mshazari mtu huonekana amefika wakati bado. Watu wa riadha wanayajua haya siku nyingi. Kwa mita 100 na 200 muda wa saa ya mkono unapotaka kulinganishwa na wa mashine, desturi ni kuuongezea sekunde 0.24. Tena mpima saa hufundishwa kutazama moshi wa bastola, asisubiri mlio, kwa sababu sauti huchukua karibu sehemu tatu za kumi za sekunde kuvuka mita 100. Mimi nilikuwa naandika hadi sehemu ya mia, na kidole changu hakikuwa na uwezo hata wa sehemu ya kumi.

Niliyakumbuka yote haya Septemba 2025, asubuhi ile tulipoamka na habari kwamba Alphonce Simbu ameleta dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kamera ya mstarini ikawatenganisha kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Chumba cha walimu kilijaa vigelegele. Mimi pia nilishangilia, lakini nilikuwa nawaza kwamba kama siku ile ingetegemea vidole vya watu, tungekuwa tunabishana mpaka leo nani alishinda.

Aliyeniondoa kwenye saa ya mkono ni mpwa wangu, anasoma umeme chuoni. Alikuja likizo, akaja na mazoezini, akanitazama nikipuliza na kubonyeza. "Mjomba," akaniambia, "simu hii inachukua picha 240 kwa sekunde moja. Weka saa mfukoni."

Video ya kawaida ya simu huchukua picha 30 kwa sekunde, maana yake kati ya fremu moja, yaani picha moja ya video, na inayofuata kuna pengo la sehemu 33 za elfu za sekunde. Kwa picha 240 pengo hushuka mpaka sehemu nne za elfu. Hakuna kidole tena. Unahesabu fremu kuanzia mkimbiaji anapovuka alama ya kwanza mpaka anapovuka ya pili, unagawa kwa 240, basi. Nilifurahi sana. Nilidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na hapa naomba nieleze kwa kirefu maana ndipo nimeona makocha wengi wakikwama. Tuliweka simu juu ya kigoda usawa wa mita 15, yaani katikati ya mita 30 zetu, umbali wa mita 18 kutoka njia ya kukimbilia. Tukapanga koni kando ya njia, mita moja upande wa simu, ili vijana wasizikanyage. Moja kwenye mita 5, nyingine kwenye mita 25. Mpwa anaigeuza simu kumfuata mkimbiaji, mimi nahesabu. Muda ukatoka mbaya, vijana wote wamekuwa wazito ghafla.

Mwalimu wa hesabu alikuja, akasimama nyuma ya simu, akafumba jicho moja. "Koni haiko kwenye njia yake," akasema. "Iko mbele yake. Anapoonekana amelingana na koni ya kwanza, mwenyewe bado yuko nyuma ya mita 5. Anapolingana na ya pili, ameshapita mita 25." Akachora mchangani kwa kijiti. Zile mita 20 tulizodhani tunazipima zilikuwa mita 21 na sentimita 18. Tulikuwa tunawakimbiza watoto mita moja na zaidi ya bure, halafu tunawalaumu.

"Hizi si pembetatu zinazofanana?" akaendelea. Kesho yake akalipeleka swali darasani, Kidato cha Pili, na watoto wakalitatua kabla ya kengele. Alama zikisogezwa kuelekea katikati, mstari wa macho kutoka kwenye simu unaangukia mahali penyewe. Alama ya mita 5 ikae kwenye mita 5.56. Ya mita 10 ikae kwenye 10.28. Ya mita 15 haisogei. Ya mita 20 ikae kwenye 19.72, na ya mita 25 kwenye 24.44. Tukaacha koni, tukachomeka vijiti virefu vya mwanzi vinavyofika nyongani, maana tunachotazama ni nyonga kupita kijiti. Mkono na goti hutangulia, ndiyo maana hata ile mitambo ya miale ya mwanga wanayotumia timu kubwa huweza kudanganywa na mkono uliorushwa mbele. Hesabu hizo ziko ukurasa wa kwanza wa daftari langu kwa mwandiko wa binti wa Kidato cha Pili, na sijazibadilisha.

Moshi nzima imeegemea mlima. Uwanja wowote utakaoupata unateremka kuelekea kusini, hata ule unaouona umelala sawa. Kwa hiyo kila kijana anakimbia kwenda na kurudi, na tunaandika wastani. Saa ni zile zile, asubuhi, upepo haujaamka. Njumu ni zile zile anazochezea. Masika yakishaanza hatupimi kabisa, tope halilinganishwi na nyasi kavu.

Kitu kingine kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba mchezaji wa mpira haanzi kama mkimbiaji wa mita 100. Uwanjani kijana huwa tayari anatembea au anakimbia polepole, kisha anachomoka. Kupima kutoka kusimama tu kunampendelea mwenye miguu ya kuanza. Sasa tunapima vitu viwili na kuviandika mbalimbali: mita 10 za kwanza kutoka kusimama, na mita 20 za kasi kamili ambazo mtu anaziingia akiwa ameshakimbia mita 20 au 30 za kujiandaa.

Nilimtafuta yule kijana wa sekunde 4.52. Nilimkuta gereji, anajifunza ufundi wa magari, nikamwomba aje Jumamosi. Mita 10 za kwanza alikuwa mzito kweli. Mita 20 za kasi kamili alipita kwa sekunde 2.44, ambayo ni zaidi ya kilomita 29 kwa saa, na kijana niliyemchagua badala yake alipita kwa 2.57. Winga anayepokea mpira akiwa tayari anakimbia, huyo ndiye niliyekuwa namtafuta, nikamrudisha kwao. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akacheka, "Yameisha hayo, mwalimu." Kwangu hayakuisha.

Vijana wakauliza, na Usain Bolt je? Berlin mwaka 2009, alipoweka rekodi ya 9.58, mita 20 kati ya ile ya 60 na ya 80 alizivuka kwa sekunde 1.61. Tukazipima mita 20 zile zile kwenye nyasi zetu, wakasimama wote kuzitazama kimya.

Rafiki yangu mmoja anaongoza wageni mlimani, ana saa ya GPS. Tulimvalisha beki mmoja akakimbia mbele ya kamera. Kamera ikasema kilomita 28 kwa saa, saa ikasema 23. Saa nyingi za aina ile husoma mahali ulipo mara moja kwa sekunde, na kwa mtu anayekwenda mita nane kwa sekunde, mchomoko wa sekunde mbili tatu unamaanisha nukta mbili tatu tu, kisha saa inazilainisha. Kwa marathoni inafaa kabisa. Zile fulana za timu kubwa, zenye kifaa kati ya mabega, nyingi husoma mara kumi au zaidi kwa sekunde, na zinafaa kujua mchezaji amekimbia kiasi gani katika dakika 90. Hatuna uwezo wa kuzinunua, na kwa swali letu kijiti cha mwanzi kilitosha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Nilikuwa na winga, kijana wa Pasua, mwenye kasi kuliko wote. Mita 20 kwa sekunde 2.41, mara tatu kwa tarehe tatu tofauti. Namba zilikuwa safi, nikazipenda kupita kiasi. Nilitaka azishushe zaidi. Kasi ni urefu wa hatua mara idadi ya hatua kwa sekunde, nilijua hivyo, nikaona njia rahisi ni kurefusha hatua. Mazoezi mazima nilikuwa nampigia kelele, "Vuta hatua! Vuta!" Naye alikuwa mtiifu, akavuta.

Tukaenda Arusha kwa mechi. Tulichelewa barabarani, vijana wamekaa wamejikunja kwenye Coaster zaidi ya saa mbili, tukashuka na kupasha misuli moto kwa dakika chache tu. Dakika ya ishirini na kitu akapewa mpira mrefu, akachomoka, na katikati ya mbio akashika nyuma ya paja la kulia. Hakuguswa na mtu. Alianguka peke yake. Mtu akiisikia sauti ile ya kijana haisahau.

Jioni nilimpeleka mwenyewe kwao. Mama yake alikuwa anaosha vyombo nje. Akanawa mikono, akanipa kiti, akamtazama mwanawe anavyoshuka kwenye bajaji kwa mguu mmoja. Hakupaza sauti. "Mwalimu, huyu asubuhi alitoka hapa mzima." Nikasema, "Ni kweli, mama." Sikuwa na la kuongeza.

Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyemshughulikia alinichukulia muda wake, Mungu ambariki. Alinieleza kwamba msuli wa nyuma ya paja hubeba mzigo mkubwa pale mguu uko hewani mbele, kabla tu haujatua. Unavutwa na papo hapo unafanya kazi ya kuuzuia muundi usiendelee kurushwa. Mtu anayevuta hatua kwa kupeleka unyayo mbali mbele ya nyonga anaurefusha zaidi msuli ule, tena akitua anajipiga breki. Siwezi kusema kwamba kelele zangu peke yake ndizo zilizomuumiza. Kulikuwa na safari, kulikuwa na haraka. Lakini zimo.

Baadaye nilisoma kazi ya watafiti wa Marekani ya mwaka 2000, ambao waliwakimbiza watu wenye kasi mbalimbali wakakuta kwamba muda wa kuurudisha mguu mbele hewani, kila mtu akiwa kwenye kasi yake ya juu, karibu unalingana. Mwenye kasi anamzidi mwenzake kwa nguvu anayoikandamizia ardhi katika muda mfupi unyayo ulipo chini. Hatua ndefu ni matokeo ya ule mkandamizo. Mimi nilikuwa nadai matokeo bila kukijenga kinachoyaleta. Niliacha kusema "vuta" siku hiyo hiyo.

Wiki ya saba kijana alianza kukimbia tena kwa utaratibu, na mtaalamu akaniomba picha za miguu yake. Hapo nikajifunza kupiga picha ya namna nyingine kabisa. Simu inashushwa mpaka usawa wa muundi, mita tano kutoka njiani, inatazama njia kwa pembe mraba, haigeuzwi. Nyasi zinafyekwa mahali pale, na chokaa kidogo inamwagwa, kwa sababu kwenye nyasi huoni unyayo umegusa lini, lakini vumbi la chokaa likitikisika unajua. Unahesabu kuanzia fremu ya kwanza ya kugusa mpaka fremu ya kwanza ambayo ncha ya njumu imeachana na ardhi. Mnahesabu wawili, kila mtu peke yake. Mkipishana fremu moja, sawa. Mkipishana mbili, mnarudia. Plasta nyeupe inabandikwa nyongani juu ya bukta, ili video ikisimamishwa uone unyayo umetua mbele ya nyonga kiasi gani.

Mguu wa kushoto ulikaa chini fremu 31. Wa kulia, ule ulioumia, fremu 36. Yaani sehemu 129 za elfu za sekunde upande mmoja, 150 upande wa pili. Na wa kulia ulitua mbele zaidi kwa karibu upana wa kiganja. Kwa macho nilikuwa nimemtazama wiki nzima nikaona anakimbia sawasawa. Haishangazi. Mpaka mwaka 1878, mpiga picha Muybridge alipopanga kamera zake mstari mmoja kule California, watu walikuwa bado wanabishana kama farasi anapokimbia kuna wakati miguu yote minne huwa hewani, na farasi walikuwa nao tangu enzi na enzi.

Mtaalamu alitazama namba zangu, akauliza kwa upole, "Kabla ya kuumia zilikuwa ngapi?"

Nikafungua daftari. Nilikuwa na 2.41, 2.41, 2.41. Nilikuwa na tarehe, upepo na njumu. Kuhusu mguu wa kushoto na wa kulia sikuwa na hata mstari mmoja. Huenda zile fremu tano zilikuwa jeraha, na huenda kijana alizaliwa hivyo na ndivyo alivyokuwa akikimbia kwa 2.41. Wako wachezaji wazima kabisa ambao mguu mmoja hukaa chini muda mrefu kuliko mwingine. Nilitafuta kwenye simu za wenzake wote. Mmoja alikuwa na video ya mazoezi ya kabla ya Arusha, ya picha 30 kwa sekunde. Kushoto fremu nne, kulia fremu nne. Kwa pengo kubwa kiasi kile, 129 na 150 zote zinaweza kuonekana nne.

Kwa hiyo tulikwenda kwa kupapasa. Mtaalamu akamjaribu nguvu za misuli, akamwongezea mzigo kidogo kidogo, na kila Jumamosi nilipiga picha nikampelekea. Fremu 35. Fremu 35 tena. Fremu 34. Wiki ya kumi na mbili zilikuwa 32 na 33, mita 20 kwa sekunde 2.46. Mama yake alikuja uwanjani siku hiyo, akasimama nyuma ya goli na kanga yake mabegani mpaka mwisho, akaomba nimwonyeshe ile video polepole. Aliitazama mara tatu. "Huo mguu sasa unashuka vizuri," akasema, na sikuwa nimemweleza chochote.

Tangu hapo Januari yangu imebadilika. Kila kijana anayeandikwa anapigwa picha akiwa mzima, kabla ya mechi ya kwanza: mita 10, mita 20, fremu za kushoto, fremu za kulia, unyayo mbele ya nyonga. Inachukua asubuhi nne za Jumamosi na wazazi wengine wanalalamika watoto wanachelewa kurudi. Simlinganishi mtu na mwenzake kwenye ukurasa ule. Kila mmoja ana ukurasa wake.

Msimu uliopita beki wa kushoto alishika paja mazoezini. Nikampeleka kwa mtaalamu yule yule siku ya tatu, daftari kwapani. Alimlaza, akampapasa, akamkunja goti taratibu. Kisha akanigeukia.

"Kabla ya kuumia?"

"Thelathini na mbili kushoto, thelathini na tatu kulia. Tarehe 18 Januari, asubuhi, nyasi kavu, njumu hizi hizi alizovaa."

Akavuta kiti, akachukua kalamu. "Nisomee tena," akasema, "polepole."